Ukungu wa Mnyuzi Hauna Kiingilio

Oya, wana wa Dar na wa Tanga mjini mnaochangishana kila sikukuu kwenda kuuza sura mlimani Magoroto, leo nawapa mchongo wa bure. Sina ugomvi na Magoroto. Ziwa kali, msitu mkali, mahema yapo, na ukitupia picha mtandaoni laiki zinamiminika mpaka simu inapata moto. Ila tuambiane kiroho safi: ile picha ya mchizi kashika kikombe cha kahawa, msitu kaupa mgongo, ukungu unamzunguka, tushaiona mpaka basi. Wote mnapiga palepale, mida ileile, na jaketi la kuazima.

Sasa shuka chini. Ukitoka Segera kama unaenda Tanga, unafika Hale, unamwacha konda aendelee na kelele zake, unadaka boda, unaingia ndani kuelekea Mnyuzi. Ni wilaya ya Korogwe, bonde la mto Pangani, Usambara Mashariki iko pale juu inakuchungulia. Hakuna geti. Hakuna wa kukukatia tiketi. Na masika yakishakata, kipupwe kikiingia, kuanzia mwezi wa tano mwishoni mpaka wa saba hivi, kuna asubuhi unafungua mlango wa gesti humuoni jirani. Unyama mtupu.

Mtandaoni utaona wapiga picha wa Ulaya wanavyodata na ukungu wa msimu wao wa majani kudondoka, mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja. Majani ya njano, farasi, uzio wa mbao. Vijana wetu wanaangalia wanasonya, eti Bongo hatuna vitu hivyo. Tunavyo, sema msimu wetu unaangukia wao wakiwa juani wanakula aiskrimu. Na badala ya majani ya njano sisi tuna mkonge, ambao kwa maoni yangu unapendeza kwenye fremu kuliko mti wowote wa kizungu. Nitaurudia.

Kwanza tuelewane kuhusu ukungu wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapopoteza nauli. Ule wa milimani, Amani na Lushoto, mara nyingi ni wingu. Upepo wa kusi unatoka baharini na unyevu wake, unagonga mlima, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unakuwa wingu, na wewe uko ndani yake. Unaweza kukaa siku nzima. Wa bondeni Mnyuzi una tabia nyingine. Mvua imeshalowesha ardhi, usiku mbingu iko wazi, upepo hakuna, ardhi inatoa joto lake juu. Hewa ya chini inapoa, unyevu wa mtoni na wa vichaka unageuka vitone hewani. Jua likishaupiga sawasawa, unaingia mitini. Saa mbili asubuhi upo, saa tatu unaulizwa ulikuwa wapi.

Kwa hiyo jiongeze usiku uliotangulia. Toka nje kabla ya kulala, angalia juu. Nyota zinawaka, upepo umetulia, majani yameanza kulowa? Weka alamu ya saa kumi na moja. Kuna mawingu na miti inacheza? Lala zako mwanangu, kesho hakuna kitu. Programu za hali ya hewa kwenye simu zinakupa utabiri wa Korogwe mjini, na kwa kona yako ya mtoni zinaweza kukuchoresha.

Nilienda na mshkaji wangu mmoja wa Nairobi, fotografa wa harusi, mtu wa Sheng mwanzo mwisho. Tumetoka nje, bado giza, adhana ndiyo kwanza imeisha, boda moja inapita ina taa ya njano, yenyewe haionekani. Jamaa kasimama katikati ya njia kajikunyata.

"Buda, hii ni Tanga ama Limuru?"

"Tulia mwanangu. Saa tatu hilo jaketi utalivua mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa najua huku ni bahari na samaki tu. Wasee wa huku hulala saa ngapi?"

Swali zuri hilo, maana mida ile sisi tulidhani tumewahi, kumbe kijiji kilikuwa kazini kitambo. Mtu na baiskeli na madumu ya maziwa. Watoto wa shule wawili wawili, sweta za bluu, mmoja kabeba fagio. Kina mama wanatoka na ndoo. Hawa ndio ninaotaka kuwazungumzia, ila ngoja nimalizie reli kwanza, kwa sababu Mnyuzi bila reli ni stori nusu.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Walikwenda mdogomdogo, mkwanja ukikata wanasimama, mpaka Korogwe wakafika 1902, Moshi 1911. Mnyuzi ikawa stesheni njiani. Heshima yake kubwa ilikuja baada ya uhuru: mwaka 1963 ilikamilika njia ya kutoka Ruvu, zaidi ya kilomita 180, ikivuka nyika za Handeni na mto Pangani, ikaja kuungana na reli ya Tanga hapohapo Mnyuzi. Kabla ya hapo reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa hazijaunganishwa, kila moja na kwao. Unaposimama pale reli zinapogawanyika umesimama kwenye fundo la nchi nzima, ingawa ukifika utaona mataruma, kokoto, nyasi, na mbuzi wa mtu.

Treni ya abiria ilipotea miaka mingi, ikarudi Desemba 2019 kutoka Dar mpaka Moshi, mwaka uliofuata ikasogea Arusha. Sasa msije mkanilaumu: inatoka Dar mchana inaamkia kaskazini, ikirudi vivyo hivyo, kwa hiyo bonde la Korogwe inalipita usiku. Ndoto ya kupata kichwa cha treni kinachomoza kwenye ukungu wa saa moja asubuhi, labda upate bahati ya mzigo. Reli tupu inatosha. Mistari miwili ya chuma inalowa umande, inakwenda hatua thelathini hivi, inakatika. Jicho lenyewe linamalizia. Mzungu mmoja, Turner, alichora treni kwenye mvua na mvuke huko Uingereza mwaka 1844, na ukiiangalia ile picha vizuri kichwa cha treni ndicho kitu cheusi kuliko vyote mle ndani, vingine vingi vimeyeyuka. Hiyo ndiyo kanuni ya ukungu: tafuta kitu kimoja cheusi, vingine viache viende.

Na reli si stejini. Usilale kwenye mataruma eti unauza sura, usitembee katikati na spika masikioni. Daraja la reli na bwawa la umeme la Hale viache kabisa. Hale ilianza kuzalisha umeme mwaka 1964, na maeneo kama hayo yana walinzi ambao hawacheki na mtu mwenye lenzi ndefu. Droni ndiyo usiseme, inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ruhusa nyingine juu yake. Ukijilipua bila karatasi, utamaliza kipupwe unaandika maelezo kituoni.

Haya, mkonge. Mwaka 1893 huohuo, bwana mmoja Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Njiani ikafa karibu yote, ikafika 62, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Kutoka miche 62, nchi hii ikaja kuongoza dunia kwa mkonge, na mwaka 1964 tulitoa tani kama 230,000. Babu za watu wengi wa Korogwe na Muheza walifika huku wakiwa manamba, wametoka mbali kuja kukata majani hayo. Mashamba yapo mpaka leo, Hale pale pembeni utayaona barabarani.

Kwa mpiga picha, mkonge una vitu viwili. Cha kwanza ni mistari. Umepandwa kwa safu zilizonyooka, na ukungu ukiukalia, safu ya kwanza inakuwa nyeusi, ya pili kijani cha mbali, ya tatu kivuli, ya nne huna uhakika kama ipo. Unapata kina bila kununua lenzi. Cha pili ni mlingoti. Mkonge ukikomaa, baada ya miaka yake kumi hivi, unatoa mlingoti mmoja mrefu wa maua, halafu ndiyo basi, unakufa. Asubuhi ya ukungu milingoti inasimama juu ya weupe peke yake, shina halionekani. Sogea karibu sasa. Jani la mkonge lina mwiba mweusi mwishoni, na alfajiri kila mwiba umebeba tone moja la umande. Ndani ya tone kuna shamba zima limegeuka miguu juu. Simu nyingi za bei ya kawaida zina uwezo wa kulidaka hilo tone kama utatuliza mkono na kushika pumzi. Angalia jicho lakini, mwiba ule hauna urafiki.

Wakataji mkonge wanaingia shambani mapema kabla jua halijawa kali. Utawasikia kabla hujawaona: jani linakatwa, linadondoka, panga linafuata lingine. Wamevaa mabuti, wengine wamejifunga viroba kiunoni. Unakata, unafunga mizigo, unapanga, gari linakuja kuchukua kupeleka korona, huko majani yanasagwa zinatoka singa. Kazi ngumu kinoma, na ni hapa ninapowamaindi wapiga picha wenzangu.

Tuna tabia mbaya. Tukifika kijijini tunasubiri watu watoke kwenye fremu. Boda ikipita tunasonya. Mama akikatiza na ndoo tunashusha kamera mpaka apite. Nguzo ya umeme tunaifuta kwa programu, bati jipya hatulitaki, tunatafuta nyasi. Tunataka kijiji kisicho na wanakijiji, halafu tunakipa jina la uzuri wa asili. Ukungu unatusaidia kufanya uhuni huo kirahisi kwa sababu wenyewe tayari umefuta nusu. Mimi naona ni uzembe. Picha ya bonde tupu lenye ukungu inaweza kuwa ya popote duniani. Ukiweka ndani yake baiskeli yenye madumu ya maziwa, au mtoto na fagio lake la shule, hapo imekuwa Korogwe. Yule mwenye baiskeli ndiye kitu cheusi ulichokuwa unakitafuta kwa Turner.

Ila kuna namna ya kumpiga. Ukifika, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, jitambulishe, sema umetoka wapi na unafanya nini. Dakika tano tu. Kijijini mgeni anayezunguka alfajiri na kamera bila kusalimia mtu anajulikana jina lake, na si jina zuri. Kisheria nako mambo yamebadilika: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kazi tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu si mali yako kwa sababu umeibonyeza wewe. Watoto usiwaguse kabisa bila mzazi kujua.

Asubuhi ile na mshkaji tulikuwa na njaa, tukaona moshi. Kuna bibi ana jiko lake la mkaa pembeni ya njia, anakaanga mihogo, chai ya rangi iko kwenye birika, moshi unapanda unaungana na ukungu huoni unapoishia. Mwanga kidogo unatoka kwenye makaa unampiga kidevuni. Mshkaji wa Nairobi tayari mkono uko kwenye kamera. Nikamshika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mwatoka wapi na baridi lote hili?"

"Mjini bibi. Tumekuja kupiga picha."

"Picha za nini? Huku kuna nini?"

"Ukungu."

Bibi alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Ukungu! Mngesema mapema tungewawekea kwenye kopo muondoke nao, nasi tupate hela ya sukari."

Tukala mihogo na chumvi na pilipili, chai juu, wawili hatukufika buku tatu. Ndipo nikaomba. Akakubali, kwa sharti: tusubiri. Akafuta mikono, akaivua kanga ya kichwani, akaifunga upya taratibu, akanyoosha ile ya kiunoni, akakaa wima akatazama mbele. Mshkaji akaninong'oneza, "Lakini ile ya kwanza ndio ilikuwa poa, msee. Ile hakuwa anajua." Kwa macho ya fotografa alikuwa sahihi. Mwanga wa makaa ulikuwa umeshapungua, na bibi sasa alikuwa kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Mimi nasimama na bibi. Kuna Mjerumani, Walther Dobbertin, aliingia nchi hii mwanzoni mwa karne iliyopita akaizunguka na kamera mpaka vita vya kwanza. Kazi zake nyingi ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa lao, unaweza kuziona leo bure. Fundi, hakuna ubishi. Ila humo ndani wamejaa watu wetu ambao hawana majina, na huwezi kujua nani alitaka kupigwa na nani alikutwa. Linganisha na Capital Art Studio pale Mji Mkongwe Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Watu walikuwa wanaoga, wanavaa pamba zao, wanajipaka wanja, wanaingia studio kwa miguu yao wenyewe. Mtu anaamua aonekane vipi. Bibi wa Mnyuzi alipofunga kanga upya aligeuza njia ya vumbi kuwa studio yake. Picha yake ni hiyo. Ile nyingine ingekuwa yangu.

Sasa ufundi, kwa wale wa tachi, maana kamera kubwa si lazima. Kosa namba moja ni kwamba simu ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza yenyewe, ukungu wako unatoka wa kijivu kama maji ya dekio. Gusa skrini, kitatokea kialama cha jua, kivute juu mpaka weupe uwe weupe. Wenye kamera, ongezeni hatua moja ya mwanga. Flashi zima kabisa, inagonga matone ya hewani inakurudishia madoadoa usoni. Kabla ya kila picha futa lenzi, na usiifute kwa kidole kilichoshika muhogo. Kuza kwa kutembea: ukikuza kwa vidole kwenye ukungu unapata uji.

Halafu geukia jua. Mwezi wa sita jua pale linachomoza kaskazini mashariki, upande wa milima. Kalenda inasema saa kumi na mbili na nusu, ila mlima unalibania kidogo, unapewa dakika za ziada za mwanga wa bluu. Likishachungulia, una muda mfupi mno ambapo miale inapita katikati ya minazi na michungwa kama imekatwa kwa wembe. Hapo wengi wanaanza kukimbia huku na huku, wanarudi na picha arobaini za ovyo. Chagua sehemu moja, kona ya njia au kivuko cha kijito, simama, acha kijiji kipite mbele yako. Kitapita tu, watu wana mishe zao.

Na filta mpunguze. Ukungu wa Mnyuzi ni mweupe wenye bluu kwa mbali, baadaye unaingia njano dakika kumi, basi. Mkiugeuza wa chungwa kama juisi ya Muheza, mtu wa pale akiiona picha anajua mmemdanganya.

Neno moja la mwisho, na hili naliomba. Wakati tunaondoka bibi alituuliza kama tutamletea picha yake, akaongeza bila hasira kwamba kuna kijana aliyepita zamani aliahidi hivyohivyo. Korogwe mjini zipo studio za kusafisha picha. Unasafisha moja ya kushika mkononi, unaitia kwenye bahasha, unampa dereva wa boda anayekwenda Mnyuzi, unamwambia ni ya bibi wa mihogo karibu na reli. Itafika siku hiyohiyo. Ya bibi yetu imefika. Nanyi mkienda kipupwe kijacho, msipotaka kusafisha, msiahidi.